Notburga na Kisima cha Kihagara

Notburga Kapinga alizaliwa Mpepai, kwenye nyumba iliyozungukwa na mibuni, na mpaka anamaliza kidato cha nne hakuwahi kuliona gari la zimamoto. Alipotoka Jeshi la Kujenga Taifa alipata nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Baba yake, aliyedhani binti anakwenda kushika bunduki, alicheka alipoambiwa silaha yao ni maji.

"Maji hata huku yapo," alisema. Hata hivyo alimchinjia kuku wa kumuaga.

Miaka ikapita, akarudishwa nyumbani, kituo cha Mbinga, akiwa koplo. Mkuu wa kituo alikuwa na cheo cha mkaguzi, akipokea amri kutoka mkoani Songea. Chini yake walikuwa masajini, kila mmoja na zamu yake, na chini yao makoplo na makonstebo. Zamu ikiingia, kila mtu anajua nafasi yake kabla simu haijalia: huyu dereva, huyu wa pampu, hawa wa kushika bomba, huyu wa kupokea simu za dharura za 114 na kuuliza tukio liko wapi, kuna watu ndani, njia inapitika. Sajini akisema ingia, unaingia. Akisema toka, unatoka, hata kama mtu unayemfuata unamsikia anakohoa.

Mjini watu waliwajua zaidi kwa ukaguzi. Mzee Bwanali, mwenye duka la vitenge, akiwaona wanavuka barabara alianza haraka kupangusa vumbi kwenye mtungi wake wa kuzimia moto. Lakini kilichowatoa kituoni mara kwa mara hakikuwa moto. Ni visima, vyoo vilivyotitia, watu waliozama. Notburga alikuwa mwembamba, kwa hiyo Sajini Hyasinti, kiongozi wa zamu yake, alimzoesha kushuka yeye. Wachache aliwatoa wakiwa hai. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Sokoni kulikuwa na mama aliyemuuzia nyanya huku ameangalia pembeni, asiguse kiganja kile kilichoshika maiti.

Mumewe, Tobias, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale pale Mbinga. Kwao ni Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Notburga akirudi kutoka kisimani, alimkuta amekwisha mchemshia maji ya kuoga na kumlaza mtoto wao, Lidia, na hakumuuliza kitu mpaka aanze mwenyewe.

Mwaka mmoja alipopata likizo walikwenda wote Kihagara kwa mama mkwe, Bibi Edina. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Kisima cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimebaki tope, na Aidan, mdogo wake Tobias, alikuwa akikichimba zaidi akisaidiana na jirani yao, Placidi. Maji yakaanza kutoka, yakawazuia kuchimba. Wakaazima mashine ya petroli ya kuvutia maji. Mpira wake ulikuwa mfupi, haukufika chini, kwa hiyo wakaiteremsha mashine yenyewe kwa kamba na kuiwasha humo humo kisimani.

Hayo Notburga hakuyaona. Wakati huo alikuwa ufukweni na mkwe wake wakianika usipa, dagaa wa ziwani. Walisikia ukelele kutoka nyumbani, wakaacha vyote wakakimbia.

Walimkuta Tobias kwenye mdomo wa kisima, ameshavua viatu. Wanaume kadhaa walikuwa wameinama wakichungulia.

"Aidan alizima mashine humo ndani, akawa anachota tope," Tobias alisema, akihema. "Ameanguka. Placidi kashuka kumnyanyua, naye kaanguka."

"Tobias, usishuke."

"Mdogo wangu yuko humo."

"Humo hamna hewa. Moshi wa mashine umejaa. Huuoni, lakini upo, na ukiuvuta hupandi tena. Placidi ana nguvu kuliko wewe."

Tobias hakumsikiliza. Alishika kamba, akaweka mguu ukingoni. Notburga akamkumbatia miguu, wakaanguka wote pembeni, na mumewe akaanza kumsukuma kama mtu asiyemjua.

"Mkamateni!" Notburga aliwapigia kelele wanaume.

Hawakusogea. Mwanamke kuamuru mumewe akamatwe, tena nyumbani kwao, ni jambo gani hilo? Notburga akasimama, akatoa ile sauti ya kazini.

"Mimi ni Koplo Notburga Kapinga wa Zimamoto. Atakayemwacha huyu ashuke, ndiye atakayekuwa amemuua. Mkamateni na mumfunge!"

Ndipo wakamkamata. Walimfunga kwa kamba ya wavu kwenye nguzo ya jiko la nje, akiwa anamwita Aidan kwa Kinyasa, mpaka sauti ikakwaruza.

Notburga akapiga simu kituoni. Alipokea Konstebo Cleopa.

"Koplo, si uko likizo?"

"Kihagara. Kisima, watu wawili, moshi wa mashine. Leteni mitungi ya hewa na kamba za kushukia. Harakisheni, Cleopa."

"Tunatoka sasa hivi."

Aliijua ile njia. Kuna mteremko wa milima wenye kona, kisha barabara ya vumbi kando ya ziwa. Alijua pia mtu huhimili muda gani ndani ya hewa ile. Hakumwambia yeyote.

Akaagiza matawi yenye majani mengi, yakafungwa kamba, wakawa wanayashusha na kuyapandisha ili kuitimua ile hewa. Wengine walimwaga maji. Akaomba nanga ndogo ya mtumbwi, akaifunga kamba ndefu, akalala kifudifudi na kuitupa chini. Placidi alikuwa amemwangukia Aidan kwa juu. Nanga ikanasa kwenye mkanda wa suruali yake. Wakamvuta polepole, kichwa kikigonga kuta, wakamlaza chini. Notburga akamkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, tena na tena. Alipokuwa amekata tamaa, Placidi akatapika, akavuta hewa kwa mlio wa kutisha.

Watu wakashangilia.

"Na Aidan!" Tobias alipaza sauti kutoka kwenye nguzo. "Tupa tena! Tupa!"

Alitupa. Aidan alikuwa kifua wazi, amevaa bukta tu, nanga haikupata pa kushika. Ilipanda na tope. Mara moja ilipanda na kipande cha kitambaa cha bukta, na Bibi Edina alipokiona akakaa chini.

"Mama Lidia," alisema, taratibu kabisa. "Kila siku unawashukia watoto wa watu. Leo wa kwangu umemwogopa?"

"Mama, sina mtungi. Nikishuka hivi nami nitabaki humo."

 Notburga akaendelea kutupa nanga, ingawa alijua sasa hata ikinasa itamletea nini.

Gari la zimamoto lilipofika, jua lilikuwa limegeukia upande wa Malawi. Sajini Hyasinti aliruka chini, akatazama kisima, akamtazama mtu aliyefungwa jikoni, akaelewa.

"Aliye humo ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Basi hushuki wewe. Uko likizo."

"Afande, shimo jembamba. Nanyi wote mnajua anayeenea ni mimi. Naomba nishuke."

Hyasinti alisita, kisha akamfunga mkanda mwenyewe, akamvalisha barakoa, akakagua mtungi. Notburga akashuka. Chini, Aidan alikuwa ameketi ameegemea ukuta, tope limemfika kiunoni. Alimfunga kamba chini ya kwapa, akamshika ili kichwa kisigonge kuta, na wakapandishwa pamoja.

Askari ndio waliomfungua Tobias. Mikono ilikuwa imechubuka. Alipita karibu na mkewe akaenda kumfunika mdogo wake shati lake.

Baada ya mazishi Tobias hakurudi Mbinga. Alisema mama yake hawezi kubaki peke yake, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mashine zake za kuchomelea alizifuata baadaye kwa gari la mizigo. Hawakuachana. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na hakuna aliyelitaja neno talaka. Siku ya kuzipakia mashine hizo, Notburga alimuuliza wakiwa peke yao uani.

"Unaamini ungempata akiwa hai?"

"Hapana," Tobias alisema. "Nimemuuliza daktari. Najua ningekufa."

"Basi mbona..."

"Hukuniacha nichague. Alikuwa ananisubiri mimi, halafu mimi nimefungwa kama mbuzi, mke wangu ndiye aliyeamuru. Kila nikikutazama nauona ule mdomo wa kisima. Sikulaumu, Mama Lidia. Siwezi tu."

"Ningekuacha, ningekuja kukuopoa na wewe."

"Najua," alisema, akaendelea kufunga turubai.

Placidi alipona, ila mkono wake wa kulia hutetemeka na husahau majina ya wanawe. Alileta mbasa wakubwa kushukuru, Notburga alipokwenda Kihagara Krismasi iliyofuata. Notburga alisimama mlangoni na samaki wale mikononi, mumewe na mkwe wake wakiwa wamekaa nyuma yake. Aliwasafisha samaki na kuwapika. Bibi Edina alikula kidogo. Tobias alisema ameshiba.

Notburga bado yuko zamu ya Sajini Hyasinti. Sasa kabla ya kiangazi huzunguka vijijini, Mpepai, Lipingo na kwingineko, akiwaeleza watu wasiteremshe mashine ya petroli kisimani, na kwamba wa kwanza akianguka, wa pili asimfuate. Wanamsikiliza. Mtu akimuuliza, "Afande, na kama ni ndugu yako?" hukunja kwanza kamba aliyokuwa akiwaonyesha.

"Mzuieni aliye juu," husema. "Mfungeni, ikibidi."

Kisha hukusanya vifaa vyake, na dereva huwasha gari.