Tromboni Niliyoikata

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hakuna baiskeli, cherehani wala karabai iliyowahi kunishinda. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Keza, wenzangu walifika wakiswaga mbuzi. Mimi nilifika na nyundo, tupa na mvukuto. Kabla nyumba yangu haijaezekwa nilishafufua baiskeli ya katibu wa kijiji, na watu wakawa wanatoka mpaka Kibimba kunifuata. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kubahatisha siku nilipoishika tromboni ya kanisa.

Ilikuwa tromboni ya besi, kuukuu, iliyoachwa na wamisheni. Bomba lake la kuvuta lilikuwa refu kuliko mkono wa mtu, ndiyo maana lilifungwa kipini kidogo cha kulisukumia mpaka mwisho. Kaka yangu ndiye aliyeipuliza tangu ujana. Kanisani kwetu, muumini akizikwa, bendi huenda mpaka kaburini, na udongo unapoanza kurudishwa vyombo vyote hunyamaza, besi ikabaki peke yake kwa ubeti mmoja. Ubeti huo ulikuwa wa kaka.

Vita ya Kagera ikaja. Kaka akaenda, mimi nikabaki na spoku zangu. Alirudi mzima, ila risasi ilikuwa imempita kwenye kiwiko cha kulia. Mkono ulikunjika, lakini haukunyooka tena.

Mwaka huo mama alikuwa wa kitandani. Hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani, nasi tulielewa. Siku moja akamwita kaka, mimi nikiwepo.

"Siku yangu ikifika, mwanangu, ubeti wa kaburini unipulizie wewe. Sitaki mwingine."

Kaka akautazama mkono wake. "Mama, haufiki."

"Mkono usipofika kwenye bomba," nikadakia, "bomba litaufuata mkono. Nipeni siku mbili."

"Haya, fundi wa dunia," kaka akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu arudi.

Niling'oa kile kipini, nikaweka kirefu nilichokikunja kutoka kwenye fimbo ya breki ya baiskeli. Kaka akaketi uani, akasukuma. Bomba likafika mwisho na sauti ya chini kabisa ikatoka, ile inayotetemesha mbavu. Ndani ya nyumba tukamsikia mama akilia. "Ni yeye," alikuwa anasema. "Ni yeye huyo, amerudi."

Ningeishia pale. Lakini mbele ya banda langu alikuwepo fundi cherehani mmoja, mdomo wake haukuwa na kufuli. Alipomwona kaka akipita na chombo, akapaza sauti: "Jamani, tromboni imeota mkia! Fundi, mwakani itazaa?" Barabara nzima ikacheka. Mimi kuchekewa kazi yangu sijazoea.

"Mwache acheke," kaka akaniambia. "Inafika, inatosha. Usiiguse tena, mdogo wangu."

Jumatatu alipokwenda shamba la kijiji, nikaitoa kwenye mfuko wake. Niliwaza kifundi: mtu akiwa mfupi unamshushia kiti cha baiskeli, bomba likiwa refu, lipunguze. Nikakata vidole vinne kila upande, bomba la ndani na la nje. Nikalehemu vizuri, nikatupa ile fimbo ya breki, nikarudisha kipini cha zamani na kusugua yote kwa majivu na limau. Iling'aa kama ya mkuu wa mkoa.

Jioni kwenye mazoezi kaka akapuliza, na mwalimu wa bendi akainua mkono wenzake wanyamaze.

"Hiyo si besi yetu. Imepanda. Shuka."

Kaka akavuta bomba kidogo, akashuka walipo wenzake. Hapo ndipo nilipoelewa, na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Urefu niliouondoa ndio uliokuwa sauti yenyewe. Ili akutane na wenzake ilibidi avute nje zaidi katika kila noti, na zile za chini zikarudi kule kule mkono usikofika. Nyingine hazikuwepo tena, bomba lilikuwa limekwisha.

Kaka hakugomba. Alinitazama tu, akaniuliza taratibu, "Si nilikuambia inatosha?"

Siku tatu nilihangaika kuvirudisha vile vipande. Kila nilipounga, lehemu iliacha nundu ndani na bomba likakwama. Nikipiga tupa, linavuja. Siku ya nne mama akafariki.

Kaburini bendi ilicheza, kisha ikanyamaza pale inaponyamaza. Udongo ukaanza kurudi. Kaka alisimama mahali pake mikono mitupu, na tukamsikia anauimba ule ubeti kwa mdomo, bila maneno, sauti ya chini ya mtu mzima. Alifika katikati ikamkatika. Hakuna aliyempokea, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akiujua. Tukabaki tunasikiliza majembe.

Wazee wa kanisa walinitaka nilipe chombo kingine, nami sikubishana. Niliuza baiskeli yangu, ndama, na mvukuto. Tromboni nyingine ilipofika nikampelekea kaka mimi mwenyewe, shikamoo yangu mbele. Aliitikia marahaba, akaifungua, akalivuta bomba mpaka mkono wake ulipoishia, akairudisha kwenye mfuko.

"Wape vijana," akasema. "Niliyekuwa nimpulizie nimeshamzika."

Hajapuliza tena hadi leo, na mimi sijamwomba. Pamoja na nauli ya kuifuata Biharamulo, ilinigharimu shilingi elfu mbili mia nne na kumi na saba, na senti hamsini.