Fito za Mama Gollo

Jina lake ni Barwako, lakini hapa Garsen tulimwita Mama Gollo, kwa jina la mwanawe aliyekwenda na ng'ombe wa mwisho upande wa Bangale mwaka wa ukame, asirudi yeye wala ng'ombe. Mafuriko yalipofuata na kuchukua boma lao, alikuja mjini na nyumba yake. Nasema nyumba yenyewe. Ilikuja juu ya punda wa mpwa wake Bonaya, imefungwa mizigo miwili.

Kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Mume hata awe na ng'ombe mia, akitaka kulala ataingia kwa mkewe. Ni fito ndefu, zimepindwa zikiwa mbichi zikakaukia kwenye umbo hilo, kisha juu yake mikeka. Za Mama Gollo alipewa na mama yake siku ya kuolewa, naye mama alizipata kwa mama yake. Moshi wa miaka ulikuwa umezifanya nyeusi, na mikono imezilainisha hata ukizishika huhisi gome.

Maji yalipojaa kila mahali, pakavu palibaki ile njia mpya ya wapita miguu, ya matofali ya kabro, mbele ya maduka. Ndipo alipoisimamisha, ndogo, imeegemea duka lililofungwa. Punda akarudi Idsowe kwa Bonaya. Jirani yake alikuwa Zakaria, Mpokomo wa Wenje kama mimi, mtu mzima mwenye mguu mmoja usiokunjika, aliyelala juu ya katoni. Nami nilikaanga mahamri hatua chache kutoka kwao, mwanangu Tuneya mgongoni. Mtoto akilia, Mama Gollo alimchukua na kumwimbia Kiorma, akanyamaza upesi kuliko kwangu.

Siku moja gari la askari likapita na kipaza sauti. Kuna mkubwa wa serikali anakuja kuifungua njia ya wapita miguu. Kesho saa mbili asubuhi asionekane mtu wala kitu juu yake, na nyumba zote ziwe zimetolewa.

"Wanafungua nini?" Zakaria akacheka. "Mimi naipiga deki na mgongo wangu mwezi wa tatu huu."

Kulipopambazuka nilimkuta Mama Gollo ameshatoa nyumba yake, kwa namna anavyojua yeye. Kamba zote zimefunguliwa, fito ni mzigo mmoja, mikeka mwingine, na vibuyu vya maziwa vimepangwa juu. Amefagia mpaka jivu. Mizigo ameiweka palepale kwenye kabro, naye amekaa kando yake anangoja.

"Mama Gollo, saa mbili hiyo yaja. Tuvuke barabara," nikamwambia. "Mimi nabeba fito, wewe mikeka. Safari mbili tumemaliza."

"Nabeba wapi?"

"Kichwani."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo.

"Mama Tuneya, wewe mtu ya shamba. Kuni nabeba kichwani. Nyumba hapana. Nyumba napanda punda. Mwanamke nabeba nyumba kichwani, watu nasema huyu mume yake nafukuza yeye."

"Mume wako si marehemu?"

"Sasa mimi naaibisha yeye na kaburi yake?"

Bonaya alikuwa ameahidi kufika na punda saa tatu. Nilimwambia saa tatu tutakuwa tumechelewa. Akasema nyumba haipo tena, askari watakuja kutafuta nini? Nikabeba jiko na karai langu, nikavuka barabara peke yangu.

Lori lilifika hata kabla ya saa mbili. Askari hawa hatukuwajua. Waliruka chini na rungu mikononi, na watu wote wa katoni wakakimbilia kwenye matope. Zakaria alijaribu kuinuka kwa kushika nguzo. Mguu ule haukunjiki, akachelewa.

"Simama! Unajifanya mgonjwa?"

"Nasimama, afande, nipe mko..."

Rungu likampata mdomoni. Akaanguka kwa magoti, damu ikamwagikia kabro, akaanza kuokota meno yake kama mtu aliyeangusha punje za mahindi. Wakampiga tena mgongoni, mara tatu nilihesabu, kisha wawili wakamshika mikono na miguu wakamtupa ndani ya lori. Nilisikia kichwa chake kikigonga chuma.

Ndipo mkubwa wao akamfikia Mama Gollo. Hakuwa amesogea.

"Mama, uliambiwa utoe nyumba."

"Natoa. Wewe naona nyumba hapa? Hii mzigo tu. Mzigo nangoja punda."

Askari mmoja kijana akacheka. "Mathe ameita teksi ya masikio!"

Mkubwa hakucheka. "Kuzuia njia ni kosa. Inua vitu vyako sasa hivi."

"Njia nani nazuia? Nani napita?"

Na kweli hapakuwa na mpita njia hata mmoja. Mkubwa akakanyaga vibuyu, kimoja, cha pili, maziwa yakamrukia kwenye buti. Nadhani hayo maziwa ndiyo yaliyomkasirisha. Alipiga teke mzigo wa mikeka, akainua rungu juu ya fito. Mama Gollo akajilaza juu yake, mikono imeukumbatia mzigo mzima.

Mimi nikapiga kelele kutoka ng'ambo: "Mama Gollo, waachie! Ni fito tu! Tutakata nyingine mtoni!"

Alinisikia. Aligeuza uso akaniangalia, na ule mwangalio sijaueleza kwa mtu mpaka leo. Sisi wa mtoni nyumba ikienda na maji tunakata miti, tunakandika udongo, tunaanza tena. Nilisema nilichokijua.

Rungu lilimpiga kwenye mkono juu ya kiwiko. Mlio wake ulikuwa mkavu, nikadhani ni ufito umevunjika. Mkono ukaning'inia. Wa pili bado umeshika kamba. Wakampiga huo vidole, kimoja kimoja vikaachia. Mtandio ulimtoka, mvi zake zikawa wazi mbele ya wanaume, naye akawa anahangaika kujifunika kwa mkono uliovunjika. Yule kijana aliyecheka alikuwa amegeukia ukutani.

"Pakia!" mkubwa akaamuru. "Na hizo kuni acha hapo. Dereva, rudi nyuma."

Lori likarudi nyuma polepole. Gurudumu lilipanda mzigo wa fito, likashuka. Likapanda tena likienda mbele. Zililia moja baada ya nyingine, na Mama Gollo alikuwa juu, nyuma ya lori, karibu na Zakaria, anasikia zote. Hakulia. Alikuwa anataja majina, la mama yake, na la bibi yake.

Tuneya alikuwa anapiga mayowe mgongoni. Sikumbuki nilivuka vipi. Nilipokuwa nakusanya vipande, Bonaya akaja na punda. Ilikuwa bado robo saa kufika saa tatu.

"Shangazi yuko wapi?"

Nikamwonyesha njia lilikoelekea lori. Akatazama chini, akaona. Akachutama, akachambua zile fito moja moja, nzima akiweka kulia. Zilitoka nzima nne. Nne hazisimamishi nyumba.

Walikaa ndani siku mbili wakaachiwa bila kupelekwa kortini. Zakaria alirudi Wenje, anakula uji tu. Mkono wa Mama Gollo uliungwa vibaya, vidole haviwezi kukaza fundo. Nilimwambia nimetafuta miti mbichi ya kupinda. Akanijibu kwa upole, "Asante, mwanangu. Nani nafundisha hiyo miti miaka yote hiyo?" Nikaomba msamaha kwa neno nililopiga kelele siku ile. Akasema mimi ni mtu wa shamba, sikujua. Afadhali angenikasirikia.

Sasa anakaa Idsowe, kwa mke wa Bonaya. Nyumba ni ya mabati, pana, na mke wa Bonaya ni mtu mwema. Lakini tangu aolewe Mama Gollo hakuwa amewahi kulala chini ya paa la mwanamke mwingine. Nilipomtembelea nilikuta jua linatua na watu wameshaingia. Yeye alikuwa bado amesimama nje kando ya mlango, mkono mbovu ameufunika kwa mtandio, anangoja mwenye nyumba amwambie karibu.