Kamba Mia Tatu Zisizo na Jina

Nani anajua vipimo vya mwili wako? Usijibu haraka.

Fundi Kimya alivijua vya watu mia tatu. Jina hilo hakupewa na mama yake. Wateja ndio waliompa, kwa sababu alipokuzungushia futi kiunoni hakuguna wala hakutabasamu, na ulipotoka dukani hata mkewe hakujua kwamba umenenepa. Kazi aliirithi kwa mjomba wake, pamoja na cherehani ya kukanyaga na ukuta mzima wa kamba nyembamba zilizoning'inia misumarini. Kila mteja kamba yake: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno. Jina halikuandikwa. Ipi ni ya nani, fundi alijua kichwani.

"Mwili wa mtu ni amana, mpwa wangu," mjomba alizoea kusema. "Kamba haina mdomo."

Kisha akaja kijana aliyechomekea shati, na programu ya mafundi ndani ya simu. Bure kabisa, mzee wangu! Bure: hakuna neno lililomla mnyonge kama hilo. Unaingiza vipimo, yenyewe inakuchorea mkato, inamkumbusha mteja siku ya kuchukua nguo. Fundi Kimya akabofya Nakubali mara sita, kama alivyoelekezwa. Wiki tatu alikaa akipima mafundo na kuyaingiza: majina, namba za simu, na penye nafasi ya "Maelezo mengine", yale ambayo midomo yake haikuwahi kuyatoa. Huyu bega limeshuka. Yule mguu mmoja mfupi. Alipomaliza, kamba akazikatakata, akazifungia marobota ya vitambaa.

Mwaka wa pili kichwa kilikuwa tupu kama debe. Siku simu ilipozima, alimrudisha mteja nyumbani, mkasi mkononi. Mshona viatu wa mlango wa pili alicheka nusura ameze msumari.

"Fundi, kumbe simu ndiyo inayoshona! Wewe unaishikia sindano tu?"

"We cheka. Dunia imekwenda mbele."

"Imekwenda, ndugu yangu, na wewe imekuacha umeshika mkasi."

Jumanne moja mchana akaingia Mwalimu Mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara, mteja wa miaka kumi na tisa. Miaka minne nyuma alitoka hospitali bila titi la kushoto. Hakumwambia dada yake wala walimu wenzake. Alimwambia fundi, kwa kuwa ilibidi. Naye akamtilia kifuko cha pamba ndani ya kila gauni, kwa ustadi hata pasiwe na jicho lililoona tofauti.

Hakukaa. Aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia.

"Soma."

"Karibu, Mwalimu, kaa kwan—"

"Soma, Fundi."

*Mpendwa mteja, tunazo nguo nzuri kwa wanawake waliokatwa titi la kushoto. Vipimo vyako tayari tunavyo.*

"Miwani niliisahau nyumbani," Mwalimu akasema. "Nikampa karani anisomee. Akasoma kwa sauti, walimu kumi na mmoja wamekaa. Wengine wakageukia dirishani. Sasa niambie, Kimya, hayo nani aliwaambia?"

Fundi akampigia yule kijana pale pale, akafungua spika.

"Mzee, si ulibofya Nakubali? Kampuni inaruhusiwa kuwapa washirika wake. Ipo kwenye masharti."

"Wewe ndiye uliyeniambia nibofye!"

"Wote huwa wanabofya, mzee wangu."

"Basi futa!"

"Kwako utafuta. Kwetu vinabaki." Simu ikakatwa.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakujua kwamba siku moja kitakuja na chaja.

"Nimesalitiwa, Mwalimu," Fundi akasema.

"Umesalitiwa wewe? Mimi hiyo kampuni siijui. Sikuvua blauzi mbele ya kampuni. Nilivua mbele yako."

"Nitakushonea gauni jipya. Zuri kuliko yote. Ngoja, ngoja kidogo..."

Na mkono wake, bila kutumwa, ukachukua simu, kidole kikaanza kutafuta jina la Mwalimu.

Mwalimu Mkuu akakitazama kile kidole.

"Hata sasa, Fundi?"

Akatoka.

Jioni hiyo Fundi Kimya alifungua marobota yote kuitafuta kamba ya Mwalimu. Alipata vipande. Akavigeuza, akapapasa mafundo, akavinyoosha juu ya goti. Hakuna kilichokuwa na jina, na kichwa hakikujua tena.

Kesho yake asubuhi, akifungua mlango wa duka, alimwona Mwalimu akija kazini. Alivaa gauni la bluu aliloshonewa na Fundi mwenyewe. Upande wa kulia ulijaa. Wa kushoto ulilala bapa; kifuko kilikuwa kimetolewa. Mkoba aliushika mkono wa kulia, mbali na kifua. Alimsalimu muuza magazeti. Alimsalimu mshona viatu, wakacheka jambo. Mbele ya mlango wa Fundi Kimya hakugeuza shingo.

Getini wanafunzi walisimama kumwamkia.

"Marahaba," akaitikia, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara.