Mwanamume Mwenye Ushungi

Ijumaa moja ya Machi nilikuwa Riyadh, nimealikwa chakula kwa mwalimu mwenzangu. Wambui, dada wa Kikenya aliyeletwa karibuni kufanya kazi za nyumbani, alininong'oneza mbele ya kabati la vioo: "Madam, kumbe hata huku Mama Maria yuko?"

Hakuwa Maria. Alikuwa mwanamke wa kauri nyeupe, amejitanda ushungi, sawa na yule ambaye jirani yetu Mjapani alimwachia mama walipohama Jeddah, tulikoishi nilipokuwa mtoto.

Alasiri waliyohama, nyumba yetu ilinukia udi na samaki wa kukaanga. Baba alirudi kutoka msikitini, akasema sanamu haikai nyumbani mwake.

"Mwanamke wa watu kajisitiri, kakukosea nini?" mama alicheka.

"Mwanamke? Mume wa jirani kaniambia asili yake mwanamume!"

Baba alipoingia kutawadha, mama aliificha kabatini, chini ya kanga zake. Nilichanganyikiwa. Nilielewa jambo moja tu: mama kamficha mwanamume, na baba atampa talaka. Kwa hiyo baba aliponiuliza, nilimwonyesha, nikidhani naiokoa ndoa. Baba aliitupa kauri uani, ikapasuka. Mama alilia, nami sikufahamu kwa nini anamlilia mwanamume yule.

Leo najua Wajapani humwita Kannon, mtukufu wa dini ya Kibudha, msikiaji wa vilio. Awali alichongwa kwa sura ya kiume, baadaye mafundi wakampa ya kike. Wazazi wangu wote wawili walisema kweli.

Wiki chache baada ya chakula kile cha Riyadh nilimwandikia mama, aliyekwisha kurejea Unguja: "Aliyemwonyesha baba kabati lako ni mimi. Niliogopa ungeachwa kwa ajili yake."