Suti Iliyorudishwa

Mimi ni mtu wa karatasi. Nimeishi Johannesburg miaka mingi kwa kujua fomu ipi inakwenda wapi, na sikufichi, nilijivunia sana jambo hilo. Ijumaa nikitoka ofisini, badala ya kupanda moja kwa moja nyumbani mtaani Observatory, nilikuwa napitia Doornfontein, napanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwani lifti ya jengo lile ilikufa kabla mimi sijaondoka Kenya, na kuingia katika chumba kirefu chenye vyerehani kumi na vinne. Mle ndani nilikuwa mtu mkubwa. Hata chai nilipewa kwenye kikombe chenye sahani.

Mwenye chumba alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, fundi wa nguo, tuliyekutana naye kanisani. Alifundisha wanawake kushona bila malipo: Wakongo, Warundi, na wasichana wachache wa Kizulu wa majengo ya jirani. Mwanamke aliingia pale hajui hata kutia uzi kwenye sindano, akatoka baada ya miezi tisa ana kazi mkononi. Baadhi yao walikuwa na meza zao sokoni Newtown. Umeme ulipokatika walihamia kwenye vyerehani vya kukanyaga, na mazungumzo hayakukatika. Mama mwenyewe hakumpima mtu kwa tepu. Alikutazama tu ukiwa umesimama mlangoni, akaenda kukata kitambaa.

Shida ilikuwa pango la chumba. Basi siku moja nikamwambia, kwa sauti yangu ile ya ofisini, kwamba nchi hii ina sheria nzuri: kikundi kama chake kikishakubaliwa, anayekichangia hupewa stakabadhi, akaipeleka kwa watu wa kodi, wakampunguzia.

Alinitazama juu ya miwani. "Kumbe batajiri banalipwa juu ya kutoa?"

"Hawalipwi, Mama. Wanapunguziwa."

"Ni kile kile, mwana."

Karatasi zilichukua zaidi ya mwaka. Nilizijaza mimi, nikamsomea ukurasa kwa ukurasa, nikimtafsiria, naye akitia sahihi taratibu. Barua ya kukubaliwa ilipofika wanawake walipiga vigelegele hadi wanafunzi wa chuo wa ghorofa ya chini wakaja kuuliza nani ameolewa. Mama aliitia barua kwenye nailoni, akaitundika ukutani karibu na pasi.

Kuna sentensi moja ambayo sikumsomea. Ilisema anayetoa mchango asipate kitu chochote badala yake, la sivyo huo si mchango. Niliona haina haja. Nani angempa tajiri kitu?

Mfadhili tulimpata, mzee mwenye kiwanda cha samani, mtu mpole asiye na makuu. Kila Februari, kabla mwaka wa kodi haujafungwa, alitoa kiasi kilichotosha pango la mwaka mzima, nami nikamwandikia stakabadhi yenye sahihi yangu. Mwaka wa tatu alisema anataka kuja kuona. Alikuja, akasimama mlangoni dakika tano akiwa ameshika kofia yake, akasalimia, akaondoka. Mama alimtazama.

Baada ya wiki mbili alimpelekea suti. Mimi sikuambiwa. Ilikuwa ya rangi ya makaa, na bitana yake ya ndani ilikuwa kitenge cha buluu chenye ndege. Yule mzee aliivaa kwenye sherehe ya kiwanda, akaifungua wazi kifuani ili ndege waonekane, akapigwa picha. Wakaiweka kwenye ukurasa wa kiwanda mtandaoni na maneno kwamba hiki ndicho alichopata kwa mchango wake. Mhasibu wake aliiona. Akanipigia simu, kwa adabu zote, akiomba nithibitishe kwa maandishi kwamba bosi wake hakupata kitu.

Niliendesha gari hadi Doornfontein nikisema peke yangu kwenye kila roboti, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani. Hasira yangu haikuwa ya sheria, acha niseme ukweli. Nilikasirika kwa sababu hakuniuliza. Niliingia bila kusalimia.

"Mama, umempa yule mzee suti?"

"Ndiyo. Imemukaa muzuri, eh?"

Nikamweleza ile sentensi, sasa, mwaka wa tatu, mbele ya wanafunzi wake wote, kama vile suti ile alikuwa ameiiba. Akaweka mkasi mezani.

"Mutu anakuya, anakupa na mikono mbili. Weye unamuacha anaenda mikono wazi? Kwetu ile haiko heshima. Ile ni kumufukuza."

"Hapa si kwenu," nikasema.

Vyerehani vikasimama. Msichana mmoja wa Kizulu, ambaye Kiswahili hakukijua vizuri, alisema "eish" polepole. Alikuwa ameelewa.

Na mimi nilijua Mama alichosema. Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo: jirani akituletea mboga kwenye bakuli, bakuli lile lilikaa kwetu hata siku tatu likisubiri tupate mayai au unga wa kulirudishia. Nilikuwa mimi binti wa kulibeba. Nilijua vizuri kabisa, na bado nikasema, "Lazima irudi. Jina langu liko kwenye zile stakabadhi." Nilitaja jina langu, sikutaja chumba chake.

"Nani atairudisha?"

"Aliyeitoa."

Alikwenda Jumatatu, amevaa kitenge chake cha kanisani, kwa teksi mbili, pamoja na mwanafunzi wake mmoja wa Kirundi ambaye ndiye aliyenisimulia. Walikaa mapokezi hadi yule mzee akateremka mwenyewe, anafurahi, anadhani wamekuja kumtembelea. Kiingereza cha Mama kilikuwa kidogo. Alisema tu, "Samahani, Papa. Naomba nguo yangu." Mzee alidhani imekosewa mahali, inarekebishwa. Ilipomwingia akilini, aliacha kutabasamu. Alipanda juu, akarudi na suti ndani ya mfuko wake, akampa kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Kwa nini aombe radhi yeye, hakuna aliyejua.

Kwao Mama, kitu kilichotolewa hudaiwa tu siku undugu umekufa. Nje, kwenye roboti, taa ya waenda kwa miguu iliwaka mara mbili na akashindwa kuvuka. Alikuwa analia, suti ameikumbatia.

Niliandika barua yangu kwa mhasibu. Ilikuwa safi, nilijisikia vizuri.

Februari iliyofuata mzee hakutoa. Nilipiga simu, karani wake akaniambia bosi anashukuru kwa miaka iliyopita. Sidhani alikuwa na kinyongo. Nadhani aliona aibu, na mtu aliyenyang'anywa zawadi hajui arudi kwa mlango gani. Nilitafuta mfadhili mwingine kila mahali, niliandika barua nisizoweza kuzihesabu, na Julai tukarudisha funguo za chumba. Vyerehani Mama aliwagawia wanafunzi. Ile barua ya kukubaliwa aliitoa ukutani akanipa mimi, ikiwa bado kwenye nailoni yake.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana ofisini nilisimulia kisa hiki kana kwamba ni kichekesho. Mwenzangu mmoja mzee akaweka kijiko chini. "Mngemwandikia tu bili ya suti, ailipe," alisema. "Mchango ubaki mchango, suti iwe biashara. Si ungemaliza kwa simu moja?"

Ndiyo, ningemaliza kwa simu moja. Hiyo ndiyo kazi yangu, ndiyo niliyosomea. Sikuiona njia ile kwa sababu siku ile nilitaka kuwa na haki. Na sikumwambia Mama kamwe. Sikuweza kumwambia kwamba alikwenda kule bure.

Kabla hajaondoka kurudi Lubumbashi aliniita nyumbani kwake. Alikuwa ameifumua ile suti yote na kuikata upya. Akanivika koti la kike, la rangi ya makaa, ndege wa buluu ndani. Lilinikaa mabegani bila kasoro, na hakuwahi kunipima.

"Mama, hili siwezi kulichukua."

"Weye pia ulitoa. Ijumaa yote ile, miaka yote ile. Hakuna mutu alikupa kitu." Akanifunga kifungo cha juu. "Na weye haukupata karatasi. Basi sheria haiko."

Sikulia mbele yake. Ningelia, pengine angejua nilichomficha.

Basi la Lubumbashi liliondoka Park Station Jumamosi asubuhi. Nilikwenda kumuaga nikiwa nimevaa koti lake. Wanafunzi wake walikuwapo, na kila mmoja alikuja na kitu: blanketi, sufuria, mikate ya njiani, soksi za wajukuu. Wale wasichana wa Kizulu walileta redio ndogo. Alivipokea kimoja kimoja kwa mikono miwili. Nami nikamkumbatia, nikamwambia afike salama, tukapunga mikono hadi basi likapinda kona. Nilipotia mikono mfukoni kutafuta ufunguo wa gari ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimembebea hata chupa ya maji.

Alifariki mwaka uliofuata, kwa sukari. Yule mwanafunzi wa Kirundi alinipigia, nikatuma pesa za rambirambi kwa simu palepale. Haikupita dakika, ujumbe wa kampuni ya kutuma pesa ukaingia kunishukuru na kuniletea stakabadhi yangu.