Betri za Babu, 1986

Wiki iliyopita, nikipanga stoo ya nyumba yetu Msasani, nilifungua kifuniko cha redio ya marehemu babu. Harufu ya betri zilizovuja ikanirudisha uani kwake Igogwe, mwaka 1986. Betri zilikuwa adimu wakati ule. Babu alizianika kwenye ungo kando ya kahawa, na zilipogoma kabisa alizing'ata mpaka zikabonyea, kisha zikaongea tena dakika chache.

Mama hakuruhusiwa kuikaribia redio ile. Kwa sisi Wanyakyusa wa siku hizo, mke hakutazamana na baba mkwe wake wala kukaa naye mahali pamoja. Babu alikohoa kabla ya kutoka ndani, na mama aliposikia aliingia migombani. Kwa hiyo kila mchana mimi, binti wa miaka tisa, nilisikiliza taarifa ya habari kwa babu, nikaibeba hadi jikoni, kila habari nikiihesabu kwa kidole chake.

"Haya, redio yangu, fungua," mama alisema huku akimenya ndizi.

Mwaka huo nilimpelekea chombo cha Wamarekani kilicholipuka angani, mtambo wa Warusi uliovujisha sumu, na bao la mkono kule Meksiko. Bao hilo lilimchekesha. "Na refa je, alikuwa anamenya ndizi?"

Zilikuwa habari za watu wa mbali. Kisha baba, fundi wa magari jeshini, akaandika kwamba kikosi chake kinapelekwa Msumbiji. Barua nyingine haikuja.

Mchana mmoja wa Oktoba redio ilipiga muziki wa maombolezo tu. Babu aliketi mlangoni kwenye kigoda, sikio karibu na spika. Sauti ya mtangazaji ikaja, ikafifia: "...ndege... Msumbiji... imeanguka..." Kisha kimya. Nilitoka mbio kabla babu hajanizuia.

"Ndege imeanguka Msumbiji," nilimwambia mama. Nilikuwa na kidole kimoja tu.

"Ndege ya nani? Ya askari?"

"Betri zimekufa, mama."

Kisu kilidondoka ndani ya beseni. Mama alitoka kichwa wazi, akakatiza uani moja kwa moja. Nilimshika kitenge nikivutwa nyuma yake, kwa sababu hata mimi nililijua kosa lile. Mke wa jirani alikuwa amerudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo.

Babu alimwona. Hakukohoa, hakufoka. Aligeuza kigoda, akautazama ukuta, akatoa betri na kuanza kuzing'ata moja baada ya nyingine. Mama alisimama hatua sita nyuma yake. Nilizihesabu. Redio ilikoroma, ikashika, na sote watatu tukasikia: rais wa Msumbiji na ujumbe wake, wakirudi kutoka mkutanoni.

"Tusa," babu aliuambia ukuta, "nenda jikoni. Mwambie mama yako ni ndege ya rais wa Msumbiji. Askari wa kwetu hawakutajwa."

Niligeuka, nikamwambia mama neno kwa neno, kana kwamba nimetoka mbali. Aliketi vumbini akalia. Siku hiyo watu wengi walikuwa wakilia, na hakuna aliyemuuliza sababu yake.

Jioni dada yake babu, mkali wa mila, alipita akasimama uani akiangalia chini.

"Kaka, nyayo hizi kubwa mlangoni kwako ni za nani?"

"Za Tusa," babu alijibu. "Mtoto anakua."

Baba alirudi mwaka uliofuata, amekonda, mzima. Kwa miaka mingi niliamini kwamba babu aliugeukia ukuta kwa hasira. Nilikuwa nimekwisha kuolewa, nina baba mkwe wangu, nilipoelewa kwamba aligeuka ili mama aweze kubaki.

Betri nimezitupa, zilikuwa zinakula chuma cha redio. Moja nimeiweka kwenye karatasi mezani. Ina alama za meno pande zote mbili.