Kitufe Namba Mbili

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Ijumaa, nilikuwa nakunywa chai chumbani kwangu Kandara, mtaa wa Jeddah, simu ilipolia. Ilikuwa picha kutoka kwa mke wangu, ambaye ni muuguzi Riyadh. Alikuwa amesimama kando ya gari kubwa jeusi la Kimarekani, ameinua funguo juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Chini yake aliandika: "Mume wangu, nipe hongera. Nimenunua."

Niliitazama picha ile kwa utaratibu, kama nitazamavyo kila kitu. Matairi ya mbele yalikuwa mapya, ya nyuma yamekwisha nusu. Taa hazikuwa na ufa. Kisha nikafika kwenye mlango. Ulikuwa umepigwa polishi hadi ukawa kioo, na ndani ya kioo hicho alionekana mpiga picha: mwanamume mrefu mwenye kofia nyekundu, mguu mmoja mbele. Niliikuza picha mpaka mtu yule akawa vidoa vyekundu na vyeusi. Chai ikapoa.

"Nani amekupiga picha?" ndivyo nilivyomjibu. Hongera niliituma baadaye.

Akanitumia ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake nikasikia injini. "Ni yule fundi wa mashine za hospitali, Mkenya. Si nilishakwambia habari zake? Ndiye aliyenitafutia. Familia moja ya mtaa wa Malqa ilikuwa inauza gari la marehemu mzee wao. Elfu thelathini na moja tu, mume wangu, na kiyoyozi chake, ukikaa unatetemeka!"

Fundi huyo alikuwa ametajwa kwangu mara mbili: mara moja kwa kutengeneza mashine ya kupimia presha, mara ya pili kwa kuleta mandazi wodini. Magari hayakutajwa.

Ni lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilinichoma. Mimi ni karani katika bandari ya Jeddah. Hati za magari yanayoshushwa melini hupita mikononi mwangu. Shule niliiacha kidato cha pili, Morogoro. Kiingereza nilijifunza katika vitabu vya maelekezo ya magari, na Kiarabu katika hati za mizigo. Mtu wa Kandara akitaka kununua gari, awe Mtanzania, Msudani au Mhabeshi, huja kwanza kwangu, nami humwambia nunua au acha. Sikumbuki aliyejuta. Na pamoja na hayo yote, sijawahi kumiliki gari. Kila nililolifikiria nililikuta na kasoro. Mke wangu alikuwa akinitania: "Wewe unachagua gari kama mtu anayetafuta mke wa pili. Huyu mnene, huyu ana mdomo, huyu anakula sana."

Basi gari la kwanza la nyumba yetu likaja, na aliyeulizwa ni mtu mwenye kofia.

Kampuni iliyolitengeneza naijua kama watu wengine wajuavyo ukoo wao. Sitaitaja, kwa sababu waipendao hugombana na waichukiao, nami nina wateja wa pande zote mbili. Ilianzishwa na watu wa mashine za shambani. Ikatengeneza magari mazito ya matajiri, ikameza kampuni ndogo zilizokuwa jirani zake, vita vilipokuja ikaacha magari ikatengeneza malori, na vilipokwisha ikarudia magari marefu yenye mabati mengi kuliko kazi yake. Imewahi kukaribia kufa kwa madeni ikaokolewa. Hapa Saudia ilipendwa mapema, kwa kuwa ilitengeneza gari ambalo baba, mama, bibi na watoto waliingia wote na jangwa wakaliacha nje ya kioo. Hata leo utamkuta mzee hapa ambaye mwanawe amemnunulia gari la Kijapani naye halitaki, anasema analiona kama kiatu cha kuazima.

Maoni ya wenye magari hayo nimeyasoma kwa miaka mingi, katika mabaraza ya mtandaoni ambako Waarabu huandika kwa uchungu kuliko wanavyozungumza. Mmoja aliandika kwamba alirithi lake kwa baba yake na kiyoyozi hakijawahi kufunguliwa kwa matengenezo. Mwingine alisema usilijaze mafuta injini ikiwa inawaka, maana halitajaa. Wa Buraida alisema likitoka gia ya pili kwenda ya tatu hupiga teke kama punda aliyeguswa kidonda kibichi mgongoni. Maoni ni nusu kwa nusu. Nataka msomaji akumbuke hilo: nusu kwa nusu.

Wiki mbili baada ya picha ile nilichukua likizo, nikapanda basi kwenda Riyadh. Mke wangu alikuja kunipokea kituoni akiendesha mwenyewe. Kiti cha mbele, pembeni yake, alikuwa amekaa fundi. Akashuka mbio, akanifungulia mlango kwa adabu nyingi.

"Shemeji! Karibu! Kaa mbele, mimi ni mdogo wako, nitajibanza huku nyuma."

"Ahsante."

"Namsindikiza hadi azoee hii highway. Hawa watu wa Riyadh wanaendesha kama wametoroka jela, shemeji. Lakini dada yangu sasa ni dereva. Hata mimi namwogopa."

Mke wangu akacheka. Kicheko hicho nilikijua. Nilidhani ni cha nyumbani kwetu tu.

Neno shemeji lina ruhusa ndani yake. Shemeji hutania, hula kwako bila kuitwa, humsifu mkeo mbele yako nawe unatakiwa kucheka. Mtu huyu hakuwa ndugu wa mke wangu wala hakumwoa ndugu yangu. Alijipa cheo hicho mwenyewe, na mimi sikupata mlango wa kumkatalia. Ukimwambia mtu "usiniite shemeji," umeshasema mengine yote.

Nilipokaa, nikakuta kiti kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu. Nikakivuta mbele, kikanguruma taratibu, na wote wawili wakanyamaza kukisikiliza.

Kesho yake mke wangu alipoingia zamu, nilibaki na gari. Katika mlango wa dereva kulikuwa na vitufe viwili vyenye namba. Nilijua kazi yake: gari hukumbuka mkao wa watu wawili, kila mmoja na kitufe chake. Nikabonyeza cha kwanza. Kiti kikasogea mbele kikapanda juu, mkao wa mke wangu hasa. Nikabonyeza cha pili. Kiti kikarudi nyuma, kikashuka, kikaendelea kurudi, mpaka nyayo zangu zikaachana na pedali na mikono ikaning'inia mbali na usukani. Nilikaa hivyo kitambo, katika umbo la mtu mwingine.

Jioni nilimwuliza.

"Aliliendesha wakati wa kulijaribu," alisema. "Ulitaka alijaribu amesimama nje?"

"Kwa nini hukuniuliza mimi kwanza?"

Alikuwa anakunja sare zake. Hakuacha kukunja. "Ningekuuliza, ungeniletea habari za kiwanda, za vita, za mabati. Mwaka ungeisha. Mimi nilikuwa napanda basi la hospitali kama mzigo, nashushwa wanapotaka wao. Nilitaka gari, mume wangu. Sasa naenda sokoni saa niitakayo. Nimekukosea nini?"

Kosa nililiruka. Nilikuwa na jibu la gia. Siku ile ile nilikuwa nimeusikia: kutoka ya pili kwenda ya tatu, mshtuko mdogo, kama mtu anayekugusa bega umgeukie. Nilimweleza. Akasema fundi ameusikia pia, na kwamba mafuta ya gia yakibadilishwa utakwisha.

"Fundi ni wa mashine za presha," nilisema.

Niliporudi Jeddah nikaanza kumtumia maoni, moja kila asubuhi kabla hajaingia kazini. Niliyatafsiri kwa uangalifu, sikuongeza neno. La Buraida nililituma kwanza. Kisha la mtu aliyeachwa katikati ya barabara ya Kasim na watoto ndani. Kisha la aliyelazimika kununua gia nzima, na bei yake. Yote yalikuwa ya kweli. Yale ya kusifu nayo yalikuwa ya kweli, ila hayo sikuyatuma.

Baada ya mwezi alinipigia simu akiwa ameegesha kando ya njia. "Nimeusikia tena ule mshtuko. Au nimeusikia kwa sababu umeniambia? Sijui sasa. Zamani nilikuwa naendesha nasikiliza redio. Siku hizi nasikiliza gia." Kisha akaongeza: "Fundi anasema nisiuze. Anasema nimpe siku moja tu alifungue."

"Na wewe unasemaje?"

"Wewe ndiye unayesoma," alisema. "Njoo uliuze."

Nikaona nimeshinda. Niliomba ruhusa nikapanda basi tena.

Mnada wa magari Riyadh una desturi yake. Gari hupita polepole mbele ya watu, na dalali mwenye kipaza sauti husema linauzwa kama kumu hadid, yaani rundo la chuma. Maana yake ni kwamba mnunuzi amekubali kununua chuma tu. Likimfia getini, asirudi. Muuzaji hasemi kitu. Wote wanajua kuwa kuna jambo lililofichwa, na bei huenda kwa kubahatisha.

Mimi sikuweza kunyamaza. Ningependa kusema ni uaminifu, na kweli sheria ya dini iko upande wangu, kwani kasoro ya bidhaa hutajwa. Lakini mtu anaweza kutimiza sheria kwa neno moja. Dalali alipoanza na elfu ishirini na tano, na mikono miwili ikaonekana, mimi nilisogea nikaomba kusema. Nikataja mshtuko wa gia. Nikataja plastiki za dashibodi za gari la aina ile ambazo hupasuka kwa jua, ingawa za letu zilikuwa nzima. Nikataja pampu ya maji, ambayo watu wa Dammam huilalamikia. Nikataja ulaji wa mafuta. Nilisema kwa Kiarabu cha hati za mizigo, kilichonyooka, na watu wakageuka wote.

"Ya haji," akaniuliza mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo, "unaliuza au unalitaliki?"

Wakacheka mpaka dalali akashusha kipaza sauti. "Halas, baba, inatosha! Usilizike likiwa hai." Mikono yote ikashuka. Akaanza upya kutoka chini, elfu kumi na sita, kumi na saba, akivuta kila mia kama jino. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na simu mkononi, tayari kuidhinisha uhamisho wa umiliki. Alikuwa ananitazama mimi, si gari. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba yale maneno hayakuwahi kuwa juu ya gia.

Elfu kumi na tisa na mia tano. Sauti ilitoka pembeni, Kiarabu kibovu. Hakuna aliyeongeza. Dalali akagonga boneti kwa kiganja, na mnunuzi akaja mbele akivua kofia nyekundu.

"Shemeji," alisema, bila utani safari hii, "nilimwambia dada asiuze. Sasa likauzwa, ningeacha lichukuliwe na mtu wa kulichinja vipuri?"

"Umesikia kasoro zake."

"Nimesikia. Kumu hadid ni kumu hadid." Akampungia dalali. "Hata likinifia getini, sirudi."

Mke wangu akabonyeza simu yake. Uhamisho ulichukua muda mfupi kuliko kumimina chai.

Ijumaa iliyofuata fundi alibadilisha mafuta ya gia na kichujio chake. Mshtuko ukaisha. Nimeendelea kuyasoma maoni ya wenye magari yale, na nasimama pale pale: nusu yao wanalalamika, na hawaongopi. Gari hili ni la ile nusu nyingine. Hilo halimo katika baraza lolote. Lilihitaji kusikilizwa na mtu asiyekuwa na jambo lingine moyoni.

Zamu zao zinalingana, kwa hiyo mke wangu huenda kazini naye na kurudi naye. Hakunificha. Nikimpigia jioni hunijibu akiwa ndani ya gari, na nyuma ya sauti yake nasikia kile kiyoyozi kinavyovuma. Kwa adabu huzima redio ili tuelewane, nami ningependa aiache. Siku moja nilimwuliza amekaa wapi. Akasema siku fundi akichoka, yeye ndiye huendesha. Kitufe namba moja bado ni chake, hakikufutwa. Alisema hivyo ili kunituliza.

Sasa akitaka kujua jambo juu ya gari lolote, haniulizi. Mwezi uliopita alinunua matairi kwa pesa yake, ya gari ambalo si lake, kwa sababu yeye pia hulipanda. Aliniambia yameshafungwa tayari. Nikamwuliza ni ya aina gani, akasema, "Ya mviringo."

Wanaokuja Kandara kuniomba ushauri bado wanakuja, nami bado nawaambia nunua au acha. Wakiniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kununua, nawaambia kwamba niliwahi kuuza. Tofauti ya bei ilikuwa riyali elfu kumi na moja na mia tano. Ukiongeza mia nne za dalali, tulipoteza riyali elfu kumi na moja na mia tisa.